Ng'oa Hiyo Chati Ukutani

Chati ya Morse, alfabeti ya milio mifupi (nukta) na mirefu (vistari) inayotumwa kwa redio, ilinipotezea miezi mitatu. Niliibandika juu ya sinki, nikawa naosha vyombo huku nakariri: A nukta kistari, B kistari nukta tatu. Nikaijua yote. Siku nilipowasha redio, sikuambulia hata herufi moja. Aliyekariri kwa macho kila mlio lazima kwanza augeuze kuwa nukta, kisha aitafute herufi kichwani. Akiipata, anayetuma ameshafika ya tano.

Kilichoniokoa ni njia ya Koch, mwanasaikolojia Mjerumani wa miaka ya 1930. Unaanza na herufi mbili tu (programu nyingi huanza na K na M), lakini kwa kasi kamili, tuseme maneno 20 kwa dakika. Ukipatia tisa katika kumi, unaongeza ya tatu. Kwa kasi hiyo nukta ni sekunde 0.06 na kistari ni mara tatu yake. Huwezi kuhesabu, kwa hiyo sikio linaikamata herufi nzima kama mdundo mmoja. K ni daa-di-daa (daa ni kistari, di ni nukta), basi. Ukizidiwa, herufi ziache na kasi yake, panua kimya kilicho kati yake.

Kiswahili nacho kina mambo yake. Nukta moja, fupi kuliko zote, ilipewa E kwa sababu Kiingereza kimejaa E. Sisi tumejaa A, di-daa. MAMA inateleza vizuri, ila NG'OMBE inachosha: ritifaa peke yake ina milio sita, di-daa-daa-daa-daa-di. Mimi huiacha. Ngombe anaeleweka.

Sasa leseni ya redio ya ridhaa, ya kurusha mawasiliano kama burudani. Hapa Marekani mtihani hauna Morse tangu 2007. Ngazi ya kwanza, Technician, ni maswali 35 na unafaulu kwa 26. Huchotwa kwenye orodha ya maswali kama 400 iliyo wazi kwa kila mtu, ndiyo maana wengi hukariri majibu. Sheria kariri, sawa. Hesabu elewa: gawanya 300 kwa masafa ya redio, yaani megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 21 unapata 14 na ushee, na hiyo ndiyo tunayoiita mita 15.

Ninaing'ang'ania mita 15 kwa sababu. Kwenye mawimbi mafupi, leseni hiyo ya chini hairuhusu kuongea kwa sauti ila kwenye kipande cha mita 10. Ukigonga Morse, unafunguliwa pia vipande vya mita 80, 40 na 15, hadi wati 200. Na mita 15, jua likiwa na madoa mengi, hufika Afrika Mashariki mchana kweupe.

Kabla ya kugonga chochote, sikiliza megahezi 21.150. Vituo 18 vya ishara duniani hupokezana hapo, kila kimoja sekunde 10. Cha Kenya ni 5Z4B: hutaja jina lake, kisha vistari virefu vinne, vya wati 100, 10, 1 na 0.1. Asubuhi moja ya Februari, theluji imeziba nusu ya dirisha, nikasikia di-di-di-di-di, daa-daa-di-di... Kistari cha kwanza kilikuwa wazi, cha pili kama mbu chumba cha pili. Cha tatu siwezi kukiapia. Nikamwita mke wangu mbio aje asikie sauti ya kwetu, Afrika Mashariki. Alipofika, zamu ilikuwa imeshahamia Israeli. Nikamvutia kiti, nikamwomba asubiri dakika tatu.