Msimu uliopotea huhesabiwaje?

Tarehe 6 Aprili 2025 Alex Ovechkin wa Washington Capitals aliwafunga New York Islanders bao lake la 895 katika NHL, ligi kuu ya magongo ya barafu, akaipita rekodi ambayo Wayne Gretzky aliiacha alipostaafu 1999. Wengi walishangilia bao. Mimi nilisimama kwenye namba nyingine: hiyo ilikuwa mechi ya 1,487 ya Ovechkin, na Gretzky naye alistaafu akiwa na mechi 1,487 kamili. Mechi kwa mechi, siku hiyo walikuwa wametoshana. Ila mmoja wao, njiani, alinyang'anywa msimu mzima na vipande vya misimu mingine mitatu.

Mimi ni mtakwimu. Siku za kazi napiga hesabu za bima, wikendi nashika daftari la mabao kando ya uwanja hapa Mombasa, kwenye magongo yetu ya kawaida. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kuwekea samaki. Lakini za NHL nazifuatilia kwa sababu wenzetu wameandika kila bao tangu 1917, na swali lao ni lile lile tunalobishania barazani kwenye kahawa: fulani angefunga mangapi kama asingekosa msimu?

Jibu la barazani ni wastani wa maisha yake yote zidisha mechi zilizopotea. Haya, tumfanyie Ovechkin. Msimu wa 2004–05 haukuchezwa kabisa, wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango kwa mzozo wa mishahara: mechi 82. Mzozo mwingine ukaufupisha msimu wa 2012–13 hadi mechi 48, zikapotea 34. Korona ikaikatia timu yake 13 mwishoni mwa 2019–20, na msimu uliofuata ukawa wa mechi 56, pungufu kwa 26. Jumla 155. Kwa bao 0.6 kila mechi, unapata mabao 93.

Hesabu hiyo siipendi. Inachukulia kwamba mechi zote 155 angezicheza, na kwamba kijana wa miaka 19 na mtu mzima wa miaka 35 wanafunga kwa kasi moja.

Mimi hutazama misimu jirani. Mwaka 2012–13 alifunga 32 katika mechi 48. Ukiipeleka kasi hiyo kwenye mechi 34 zilizokosekana, unapata 23. Lakini mechi 48 ni chache, na msimu mfupi hudanganya: mtu akiwa moto wiki tatu, wastani wote unapanda. Msimu wa kabla yake alikuwa na mabao 38 katika mechi 78, wa baada yake 51 katika 78. Ukiichanganya hiyo miwili ni 0.57 kwa mechi, na zile 34 zinatoa 19 tu. Mwaka 2020–21 alicheza mechi 45 kati ya 56 akafunga 24, kwa hiyo hata hizo 26 asingezicheza zote. Nampa mechi 21, mabao 11. Mwaka 2019–20 alikuwa na mabao 48 katika mechi 68, nampa tisa bila ubishi. Jumla 39.

Umebaki ule msimu mzima. Timu za NHL zilipogawana wachezaji chipukizi Juni 2004, alichaguliwa wa kwanza, milango ikafungwa, akabaki kucheza Dynamo Moscow, timu ya kwao Urusi. Alipoingia NHL mwaka uliofuata alifunga 52, na watu humrudishia hizo 52 nyuma kana kwamba mwaka wa Moscow haukumkomaza. Mimi nampa kati ya 25 na 40. Basi hasara yake yote ni kama 64 hadi 79, mabao ya misimu miwili hivi.

Gretzky naye alipoteza. Mgongo ulimnyima mechi 39 mwaka 1992–93, na mzozo wa 1994–95 ukala mechi 36. Kwa kasi aliyokuwa nayo misimu hiyo, zote mbili hazifiki mabao 25. Zilimkuta keshapita miaka 31. Ule msimu wa 1981–82 alipofunga 92 haukuguswa na mtu, na hapo ndipo penye uzito wote: mechi 36 kupotea akiwa na miaka 21 ingekuwa balaa la mabao 40. Yale 46 aliyofunga 1978–79 katika ligi pinzani ya WHA, NHL haiyahesabu. Gordie Howe, mfungaji mkongwe mwingine, ndiye aliyeumia zaidi hapo: 801 za NHL, na 174 za WHA ambazo rekodi haizitambui.

Fowadi wetu mmoja aliniuliza kuhusu Mario Lemieux, mfungaji mwingine wa NHL: "Maalim, Lemieux si umpe tu mabao yake 690 gawanya kwa mechi zake 915, zidisha 1,487?" Inatoka 1,121. Nikamwambia aangalie Howe kwanza. Howe alicheza mechi 1,767, hadi akiwa na zaidi ya miaka 50, na msimu wake wa mwisho alifunga 15 katika mechi 80. Misimu kama hiyo hushusha wastani. Lemieux alizuiwa na saratani na mgongo. Mike Bossy, mabao 573 katika mechi 752, mgongo ulimstaafisha angali na miaka 30. Wastani wa Bossy haujawahi kuzeeka. Kuuvusha mzima mzima hadi miaka 40 ni kumpa miguu ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuwa nayo.

Kwetu mambo ni magumu zaidi. Kenya ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia la magongo 1971, ikacheza Olimpiki ya Munich 1972, kisha ikasusia Montreal 1976 na Moscow 1980, ikarudi Los Angeles 1984. Aliyekuwa na miaka 22 Munich alikuwa na 34 Los Angeles. Olimpiki jirani, ya kabla na ya baada, ziko mbali mno. Hapo sijazi namba yoyote.

Kwenye daftari langu msimu wa 2020 una kistari, si sifuri. Sifuri ni ya aliyeingia uwanjani akakosa. Pembeni naandika sababu: goti, ligi kusimama, au shifti ya bandarini, maana wako wanaopangiwa kila Jumapili. Hawa wa shifti ndio rahisi kuwakadiria. Mechi zilichezwa, wapinzani nawajua, na nina mabao ya aliyewashikia nafasi.