Je, wajua? Memori kadi inaweza kuendesha kompyuta, ila kuandika ndiko huiua

Barabara ya Luthuli jijini Nairobi haikosi memori kadi, na mwenye laptopu kuukuu ambayo diski imeanza kugonga-gonga lazima ajiulize: mbona nisiweke kadi hii mahali pa diski? Inawezekana, na watu wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba kuna kompyuta zinazodumu na kadi miaka, na nyingine huiua upesi.

Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachoelea juu yake bila kuigusa. Kila faili likihitajika, kichwa husogea kisha husubiri sehemu ifaayo ipite chini yake. Katika diski ya mizunguko 7,200, mzunguko mmoja tu huchukua milisekunde 8 na ushei. Kompyuta ikiwaka husoma maelfu ya mafaili madogo, kwa hiyo kusubiri huko hujumlika. Kadi haina kinachozunguka: data hukaa kama elektroni zilizonaswa ndani ya vijumba vidogo vya silikoni. Ndiyo maana hata kadi ya bei ya chini inaweza kuishinda diski katika kusoma mafaili madogo yaliyotawanyika. Tena haijali matatu ikiruka matuta ilhali laptopu imesahauliwa ikiwaka ndani ya mkoba.

Kuiunganisha hutegemea aina ya kadi. CompactFlash, iliyoletwa na SanDisk mwaka 1994, iliundwa iweze kufuata taratibu zilezile za IDE, yaani namna ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta. Adapta yake ni nyaya na pini tu, na kompyuta ya zamani haitambui tofauti. SD, ya mwaka 1999, hutaka adapta yenye chipu ya kutafsiri, au kisomeo cha USB. Tundu la SD lililo ubavuni mwa laptopu mara nyingi halisaidii, kwani laptopu nyingi haziwezi kuwaka kupitia hapo. Windows nayo ina ukaidi wake: programu yake ya usakinishaji hukataa kuisakinisha Windows ndani ya kifaa cha USB. Linux haina shida hiyo, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka mwaka 2012, iliifanya memori kadi kuwa ndiyo diski yake ya kawaida.

Sasa tuje kwenye kinachoua. Flashi, yaani vijumba hivyo vya kadi vinavyohifadhi data, husomwa kwa vipande vidogo, lakini kufutwa hufutwa kwa mafungu makubwa. Kubadilisha herufi chache kunaweza kuilazimu kadi ihamishe na kufuta fungu zima, kama mwalimu anayefuta ubao mzima ili asahihishe neno moja. Kila ufutaji huchosha vijumba, na flashi ya bei nafuu inayobana biti 3 katika kila kijumba huchoka mapema kuliko ile ya biti 1.

SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, hutumia flashi ya jinsi hiyohiyo, lakini kidhibiti chake, yaani chipu inayoisimamia, ni hodari: hutawanya uandishi kila mahali na kina akiba ya vijumba. Kidhibiti cha kadi ya bei nafuu kililenga kamera, yaani picha moja kubwa, kisha nyingine. Kompyuta haiandiki hivyo. Huandika kumbukumbu za mfumo (rekodi za yanayotokea ndani yake), vijifaili vya kivinjari, na RAM ikijaa huazima nafasi kwenye diski, punje kwa punje mchana kutwa. Kwa hiyo maandishi ya "Class 10" yasikubabaishe, kwani huahidi tu megabaiti 10 kwa sekunde kwa uandishi mfululizo. Tafuta alama ya A1, inayodai angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande vidogo kwa sekunde.

Ukiamua kuendelea, punguza uandishi: zima uazimaji wa nafasi, weka kumbukumbu za mfumo kwenye RAM, na katika Linux tumia chaguo la noatime ili kusoma faili kusiwe pia kuandika. Skrini ya matangazo dukani au seva ya masomo shuleni, inayosoma tu, itaishi vizuri na kadi. Kompyuta ya kuchapa kazi kila siku inunulie SSD ndogo. Mimi singebishana hapo.

Stima ikipotea kadi ikiwa katikati ya kuhamisha fungu, hata mafaili ambayo hukuyagusa yanaweza kuharibika. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Pia kuna kadi bandia: kidhibiti kimepangwa kidanganye kuwa kadi ina gigabaiti 128 ilhali ina 8, na kila kinachozidi hapo hupotea kimya. Programu ya F3 au H2testw huijaza kadi yote kisha huisoma tena, na uongo huonekana. Ifanye kabla ya kusakinisha chochote.

Kadi nyingine zikichoka hujifunga: zinasoma lakini zinakataa kuandikwa, na hata ukifuta faili, hurudi ukiwasha tena. Ikifika hapo usihangaike kuifomati. Nakili data zako siku hiyohiyo.