Mswada mbele ya kamati Nebraska: yanayodhaniwa na yaliyo

Bunge la jimbo la Nebraska lina maseneta 49 na, tangu 1937, chumba kimoja tu, yaani baraza moja la kutunga sheria badala ya mawili. Lina pia desturi isiyopatikana katika majimbo mengi ya Marekani: karibu kila mswada husikilizwa hadharani na kamati.

Dhana: Mswada ukisikilizwa, uko njiani kupita.
Sivyo. Zamu hiyo hupewa hata mswada usioungwa mkono na mjumbe yeyote. Uamuzi huja baadaye, kamati inapoketi bila mashahidi, waandishi wa habari wakiruhusiwa kuwepo. Inaweza kuupeleka mswada kwenye mjadala wa Bunge zima, kuuahirisha bila kikomo, yaani kuuzika, au kutofanya lolote. Hili la tatu ndilo la kuhofiwa zaidi: Bunge la miaka miwili linapokwisha, mswada uliobaki kwenye kamati hufa nalo.

Dhana: Seneta anayejua kuhutubia ndiye hushinda.
Kamati inataka mambo manne: sheria ya sasa inasemaje, inamuumiza nani, kifungu gani kinabadilishwa, na gharama ni kiasi gani. Seneta mwenye mswada hufungua kwa hayo. Kisha huja wanaounga mkono, wanaopinga na wasio na upande, kila mmoja akitaja jina lake na kulitamka herufi kwa herufi ili liingie sawasawa kwenye kumbukumbu. Mwisho seneta hurudi kufunga.

Hapo kwenye kufunga ndipo wengi hupoteza nafasi. Wanarudia maneno ya ufunguzi, ilhali wajumbe wametoka kusikia pingamizi na wanangoja jibu. Anayejua kazi yake huandika kila hoja ya upinzani inapotolewa, kisha hutaja neno au kifungu atakachorekebisha. Na makadirio ya gharama lazima awe ameyasoma mapema. Mjumbe akimuuliza tarakimu asiyoijua, imani ya kamati hupungua papo hapo.

Dhana: Wapinzani ni wa kukwepwa.
Wafuatwe wiki kadhaa kabla ya kikao. Mara nyingi shida yao ni tarehe ya kuanza kutumika au tafsiri ya neno moja, mambo yanayotibika kwa marekebisho mafupi. Wakisubiriwa hadi siku ya kikao, pingamizi lao linaingia kwenye kumbukumbu bila jibu.

Dhana: Mjumbe anayetoka katikati ya kikao amedharau.
Huenda amekwenda kuwasilisha mswada wake kwenye kamati nyingine.