“Sorry” haibebi kila “pole”

“Sorry ni pole kwa Kiingereza.” Kauli hii wanayo wanafunzi, wanayo makarani wa mapokezi, wanayo hata watafsiri wenye vyeti ukutani. Matokeo yake ni sentensi kama “Sorry for work”, ambayo mwandishi anaamini ni pole na kazi. Siyo. Mwingereza akiisoma atadhani kuna kazi umeiharibu, au umemtwika kazi na sasa unajuta.

Pole yetu hufuata tabu ya aina yoyote: kazi, safari, foleni, mvua, homa, msiba. Sorry ina masharti. Ama nimekukosea, ama umepatwa na jambo baya kweli. Kwa Waingereza, kazi na safari si mikosi, kwa hiyo hazipewi sorry. Mgeni ameshuka kwenye ndege? Muulize “How was your flight?” au mwambie “You must be tired”. Mwenzako bado yuko mezani saa moja usiku? “You're working late” inatosha, na ukiondoka, “Don't work too hard”. Acheni kuhangaika kutafuta neno moja la kuziba pengo hilo. Halipo. Kinachotumika ni sentensi nzima inayolingana na hali.

Hata pale sorry inapofaa, maana huamuliwa na kinachoifuata, na hapa ndipo watu huumbuka. “I'm sorry for your loss” ni pole na msiba. “I'm sorry to hear your mother is ill” ni pole ya kuuguliwa. Lakini “I'm sorry for you”, ambayo wengi huiandika kwa nia njema wakimaanisha pole sana ndugu yangu, mara nyingi husikika kama dharau: nakuonea huruma kwa jinsi ulivyo. Usimwandikie mfiwa hivyo. Kwa kosa lako mwenyewe, baada ya “for” kitenzi huchukua -ing: “Sorry for being late”. Kwa usumbufu unaoendelea au unaotaka kuuanza, tumia “to” na kitenzi kitupu: “Sorry to bother you”. “Sorry for bother you” si Kiingereza. Na kwa kuwa sorry ni kivumishi, sentensi kamili inadai “am”: “I am sorry”, kamwe si “I sorry”.

Dhana ya pili inanikera karibu sawa: kwamba “apologise” ni sorry ya heshima, hivyo kwenye barua rasmi ubadilishe tu. “Apologise” hubeba kosa peke yake, haina upande wa kuomboleza. Anayeandika “I apologise for the death of your father” amejitwisha kifo. Barua ya rambirambi iwe rasmi vipi, andika “I am very sorry for your loss”, au “Please accept my condolences”.

Wapo pia walimu wanaokataza kabisa sorry kwa mtu aliyejikwaa. Wanazidisha. Katika Kiingereza cha Kenya, Uganda na Tanzania, na pia Nigeria na Ghana, matumizi hayo ni ya kawaida na kila mtu anaelewa. Ila ukiwa London, ukimwambia mpita njia aliyeteleza “Sorry!”, huenda akakujibu kwamba hukufanya kosa lolote. Huko sema “Are you all right?”

Dhana kwamba sorry na “sorrow” zimetoka shina moja nayo si kweli. Sorry ilikuwa “sārig” katika Kiingereza cha kale, kutoka “sār”, yaani maumivu. Ni ndugu wa “sore”. “Sorrow” ilitoka “sorg”. Zimekaribiana baadaye tu, kwa sauti na kwa maana.

Kuna wanaoogopa kusema sorry ughaibuni wakidhani ni kukiri kosa mbele ya sheria. Inategemea uko wapi. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipitisha sheria mwaka 2006 kwamba kuomba radhi si kukiri kuwajibika, Ontario ikafuata 2009. Uingereza na Wales nazo, kupitia Compensation Act ya 2006, kuomba radhi pekee hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe.

Mwisho ni kwa wanaopokea simu kazini. Mteja akisema “Sorry?” sauti ikipanda mwishoni, hajaomba radhi. Hajakusikia. Ukimjibu “No problem” ukanyamaza, naye atanyamaza akisubiri. Rudia sentensi yako ya mwisho, polepole kidogo, na kama ulitaja namba, itaje tarakimu mojamoja. Mmarekani anaweza kusema “Excuse me?” au “Pardon?” kwa maana hiyohiyo, na sorry yake husikika zaidi kama “sari”.