Ikikataa Kuwaka, Usipampu Tena

"Fundi, nimepampu mpaka mkono umekufa ganzi, na bado haiwaki." Maneno haya nimeyasikia tena juma hili, safari hii kwa kijana aliyevutwa kwa kamba na mashua ya wenzake kutoka Kipungani mpaka Lamu mjini. Mashine yake ya boti ni ya nguvu farasi 15, tu-stroki (inayochoma oili pamoja na petroli) ya silinda mbili, haina ubovu wowote. Nilipofungua plagi zote mbili zilitoka zikichuruzika petroli. Nikazikausha, nikaipuliza silinda, na mvuto wa tatu wa kamba ikanguruma. Siku yake ya kuvua ilikuwa imeshapotea.

Dhana yenyewe ni hii: mashine ikikataa, ina njaa, basi iongezewe mafuta. Wanaoanza karibu wote huja nayo.

Petroli ya majimaji haiwaki ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, kwa uzito kama hewa 15 kwa petroli 1. Mashine ikiwa baridi mvuke huwa mchache, na hapo ndipo choki huziba hewa ili petroli izidi kwa kitambo. Kwa joto letu la pwani kitambo hicho ni kifupi mno: mvuto mmoja, miwili, mitatu. Ikikohoa mara moja tu, rudisha choki. Na mashine iliyotoka Mokowe sasa hivi, ikazimwa wakati abiria wanashuka, haitaki choki kabisa. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa, "Mwanangu, ilikuwa moto au baridi?"

Kwenye tu-stroki kosa hili huchelewa kusameheka, kwa sababu mchanganyiko hupita kwanza kwenye nyumba ya krenki, chumba cha mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kupanda kwenye silinda. Petroli iliyozidi hutuama huko chini, na kila uvutapo kamba hupanda tena. Mtu ameshairudisha choki na plagi bado zinalowa! Plagi ikilowa, cheche haziruki inavyopasa.

Kipira cha kuminya kilicho kwenye paipu ya mafuta nacho kina kazi moja, kujaza bakuli la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kishike wima, mshale wake ukielekea mashine, uminye mpaka kiwe kigumu. Kikishakuwa kigumu bakuli limejaa na sindano iliyo ndani yake imefunga njia ya petroli. Ukikikamua zaidi waweza kuilazimisha petroli ipite. Wengi waliozoea mashine za kukata nyasi za kubeba begani hudhani ni mamoja. Zile nyingi zina kipira kidogo kinachozungusha mafuta na kuyarudisha tangini, kwa hiyo uminye utakavyo. Cha boti hakirudishi kitu. Kisipokuwa kigumu hata kidogo, kuna mahali hewa inaingia: anza na vichwa vya paipu. Kikinywea na kuwa bapa mashine ikitembea, hukufungua skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi.

Ikishalowa, acha kuvuta. Rudisha choki, chomoa paipu ya mafuta, toa klipu ya usalama ili umeme ukatike, ufungue plagi. Fungua mkono wa kuongeza mafuta kadiri utakavyokwenda, gia ikiwa nyutro, uvute kamba mara kumi hivi. Petroli itatoka kwa matundu ya plagi, kwa hiyo pasiwe na sigara karibu, wala usipimie cheche papo hapo. Kausha plagi, rudisha kila kitu, klipu pia, kisha washa bila choki. Nawaomba sana, beba spana ya plagi na plagi kavu za akiba kwenye chupa yenye kifuniko. Kwenye mkondo wa Manda na upepo wa kusi, spana hiyo ina thamani kuliko simu.

Kuna wasemao oili nyingi ndiyo uhai wa mashine. Si kweli. Kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, dumu la petroli la lita 20 linataka oili mililita 400, basi. Ukizidisha, plagi hujaa masizi na mashine hukataa kuwaka, nawe unapampu tena. Oili ya gari usiitie. Tafuta chupa yenye alama ya TC-W3, ya oili ya mashine za boti za tu-stroki.

Wengine huniambia, "Naijaribu nchi kavu kidogo tu." Impela, kigurudumu kinachosukuma maji ya kupoza mashine, ni ya mpira, na hulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Ikizunguka kavu inaungua upesi. Tumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji, na ikiwaka tazama mchirizi unaotoka nyuma. Hakuna mchirizi, zima.

Kamba haitaki ubabe. Vuta polepole mpaka uhisi meno yameshika, kisha vuta kwa kasi, na uirudishe kwa mkono wako, usiiachie.

Halafu klipu. Nimeshaitwa Shela kwa mashine "iliyokufa", nikafungua begi la vifaa, kisha nikaona klipu imening'inia kwenye jaketi la okoa maisha. Nikaichomeka, ikawaka mvuto wa kwanza, na nahodha alikuwa ameshapampu tangu alfajiri. Ikikataa, mkono wako uanzie hapo kabla haujagusa kipira.