Wanafunzi wa Yesu hawakuwa kumi na wawili

Mwanafunzi wa Yesu ni mtu yeyote aliyemfuata ili ajifunze kwake. Mtume, katika Injili, ni mmoja wa wale kumi na wawili aliowachagua miongoni mwa wanafunzi hao na kuwatuma. Lakini kwenye vikundi vya kusoma Biblia hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Ipagala, maneno haya mawili yanatumika kana kwamba ni kitu kimoja. Kisha mtu anaongeza kwa uhakika kabisa: "wale wanafunzi kumi na wawili, akina Petro, Marko na Luka." Hapo makosa yameshakuwa mawili, na mimi nayalaumu mazoea yetu ya kuisoma Injili vipande vipande, mistari mitano leo, sura nyingine mwezi ujao.

Soma Luka mfululizo uone. Katika sura ya 6 Yesu anakesha mlimani akiomba. Kulipokucha anawaita wanafunzi wake, anachagua kumi na wawili kati yao, na hao ndio anaowaita mitume. Huwezi kuchagua kumi na wawili kati ya kumi na wawili. Mistari michache mbele, wakiwa wameshuka mahali tambarare, Luka anataja kundi kubwa la wanafunzi. Ukifika sura ya 10, wanatumwa wengine sabini, wawili wawili (tafsiri nyingine husema sabini na wawili, kwa sababu nakala za kale zinatofautiana). Wanawake nao wapo. Sura ya 8 inawataja Maria Magdalene, Yoana mkewe Kuza, na Susana, waliofuatana naye na kumhudumia kwa mali zao. Na katika Matendo 9 Tabitha wa Yafa anaitwa mwanafunzi waziwazi.

Yohana 6 ndiyo inayomaliza ubishi. Baada ya mafundisho magumu ya mkate wa uzima, wengi miongoni mwa wanafunzi wake wanarudi nyuma, hawaandamani naye tena. Ndipo Yesu anawageukia wale Thenashara, yaani wale kumi na wawili, na kuwauliza kama wao nao wanataka kuondoka. Kama wanafunzi wangekuwa hao kumi na wawili tu, waliokwisha kuondoka ni akina nani?

Nakubali kwamba Mathayo anachangia mkanganyiko huu, kwa kuwa yeye huandika "wanafunzi wake kumi na wawili". Lakini Mathayo huyohuyo, sura ya 27, anamwita Yusufu wa Arimathaya mwanafunzi wa Yesu, na Yusufu hayumo katika orodha yoyote ya mitume.

Marko na Luka nao hawamo. Luka mwenyewe anasema mwanzoni kabisa kwamba habari hizi zilipokewa kutoka kwa walioziona tangu awali, na yeye akazichunguza. Marko, mwana wa Mariamu aliyekuwa na nyumba Yerusalemu, kwa mapokeo ya Papias, askofu wa karne ya 2, aliandika aliyoyasikia kwa Petro. Tunawaita wainjilisti kwa sababu waliandika Injili. Mwinjilisti wetu wa vijijini, yule anayeshika ibada Jumapili ambayo mchungaji yuko kanisa jingine, anaitwa hivyo kwa kazi ya kuihubiri.

Kinachoniuma hasa ni Luka 14. Makutano makubwa yanafuatana na Yesu njiani, naye anageuka na kuwaambia kwamba asiyeuchukua msalaba wake na kumfuata hawezi kuwa mwanafunzi wake. Nimesikia mara nyingi likielezwa kuwa ni neno la mitume, kwa hiyo siku hizi linawahusu wachungaji, mapadre na masista. Mama anayeuza nyanya Majengo na kijana wa bodaboda wanaambiwa hivyo, wanafunga Biblia, wanaenda zao. Neno hilo liliambiwa umati, watu wenye mashamba, ng'ombe na ndoa changa.

Basi mkifika Luka 6:20, pale anapoinua macho na kuanza "Heri ninyi mlio maskini", tusiseme tena "Yesu aliwaambia mitume." Luka ameandika kwamba aliwatazama wanafunzi wake, tuseme hivyo. Na tukitaka kuwataja wale kumi na wawili peke yao, Biblia tuliyoizoea makanisani imeshatupa jina lao: Thenashara.