Rubani: leseni au uzoefu?

Wengi huamini kwamba rubani aliyeruka miaka mingi hahitaji tena vyeti. Lakini leseni yenyewe hujengwa juu ya uzoefu: kwa viwango vya kimataifa, ile ya juu kabisa ya ndege hudai saa 1,500 za kuruka. Na saa hizo hazimalizi mambo. Nahodha wa Boeing 737, hata akiwa na saa 10,000, haruhusiwi kuhamia Airbus A320 bila mafunzo na mtihani mwingine, na mimi kama abiria nashukuru. Tena kwa kawaida lazima awe amepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita, na cheti chake cha afya kiwe hai. Ukitaka kuhakikisha, fungua kanuni za leseni za marubani kwenye tovuti ya mamlaka ya anga ya nchi yako. Masharti ya saa yameandikwa humo.